Ndevu za Mdudu

Mtu akishatajwa mtaani Jericho kuwa ana kunguni, hana mahakama ya kukata rufaa. Mwizi anaweza kusingiziwa na baadaye jina lake likasafishwa. Mlevi anaweza kuokoka. Lakini mwenye kunguni ataambiwa pole, ataulizwa hali ya watoto, na akienda kanisani atajikuta amepewa benchi zima peke yake kama mheshimiwa. Hayo yalimkuta Nthoki, mama wa Koki na mke wa Nzuki mchonga vinyago, mwaka ule wa njaa na unga wa njano wa msaada, na yalimkuta wakati mbaya kuliko nyakati zote.

Wakati ulikuwa mbaya kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika. Akina mama wa kanisa lao walikuwa na desturi ya kutembeleana, kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao. Walikuja na zawadi za sufuria mpya, thamosi na sahani za maua, wakaimba, wakaomba, wakala, na mwisho wakajipanga mbele ya mlango wa mwenyeji wakapigwa picha ya pamoja. Picha hiyo ilitundikwa ukutani, na hapo ndipo mwanamke alipohesabiwa kuwa ana nyumba. Nthoki alikuwa ameonekana katika picha za kuta nyingi, kila mara pembeni, kila mara sikio moja limekatwa, mbele ya milango ya watu. Sasa alitaka picha moja ambayo mlango ni wake na katikati amesimama yeye. Hakuna alichokitamani zaidi ya hicho mwaka huo, wala hakumwambia mtu, maana ukisema kitu kama hicho watu watakucheka.

Chanzo cha balaa kilikuwa mumewe na magogo yake. Wachongaji wengine walichonga mti wa muhugu ungali mbichi, lakini Nzuki alikuwa na mtindo aliofundishwa na mjomba wake huko Wamunyu. Gogo lilikaa kivulini na gome lake lote, likakauka taratibu, na mpaka likauke hakuligusa. Alisema kifaru aliyepasuka tumbo hanunuliwi na mtalii yeyote. Kwa vile kivuli cha nje kilikuwa na wezi wa kuni, magogo yalikaa ndani. Yalikuwa chini ya kitanda na nyuma ya kochi, na moja nene lilikaa karibu na mlango, ambalo wageni walilikalia wakidhani ni stuli.

Juu ya gogo hilo ndipo alipoketi Selpher asubuhi moja. Selpher, ambaye watu walimwita Mama Javan, alikuwa jirani wa ukuta mmoja na mke wa Wekulo, dereva wa serikali. Alikuja kuazima chungio la unga. Nthoki alipokwenda jikoni kulitafuta, Selpher akatazama chini, akaona gome linasogea. Vilikuwa vidudu vidogo kuliko mbegu ya mchicha, rangi ya chai ya maziwa, vimekusanyika pamoja kama ng'ombe malishoni. Akavipulizia. Vikatawanyika, vikangoja, kisha vikarudi na kujipanga palepale. Selpher akasimama na kulikung'uta rinda lake mbele na nyuma.

"Mama Koki, mimi sisemi kitu," alimwambia Nthoki aliporudi. "Lakini hii kitu inatembea."

Nthoki alieleza kwamba hao ni wadudu wa miti na wamekuwapo siku zote. Selpher alikubali haraka mno, akasema kweli ni wa miti, miti ina wadudu, hata kwao Kakamega miti ina wadudu. Kisha akaondoka bila chungio. Nthoki alibaki amelishika mkononi.

Mchana kwenye bomba, ndoo zilisogezwa kidogo mbali na ndoo yake. Sokoni, muuza nyanya aliweka chenji juu ya meza badala ya kumpa mkononi. Na kabla juma halijaisha, Khavere, mwenyekiti wa akina mama, alikuja kumtembelea. Alikuja akasimama mlangoni. Alipokaribishwa ndani alisema miguu inamsumbua, akikaa itamwia vigumu kuinuka. Alipoletewa chai alisema ameshiba. Ilikuwa ni saa nne ya asubuhi na sote tunajua Khavere hajawahi kushiba saa nne ya asubuhi.

"Tumeonelea tukuruke kidogo," alisema. "Upate kupumzika. Mwaka ujao Mungu akipenda."

"Mimi sijachoka, Mama Khavere."

"Hapana, hujachoka. Ni kupumzika tu."

Nthoki aliuliza waziwazi ikiwa ni habari ya wadudu. Khavere aliangalia viatu vyake. Alisema yeye binafsi haamini maneno ya bombani, lakini akina mama wana watoto na vitanda, na mtu akiwa na wasiwasi hawezi kuimba vizuri. Akaongeza kwamba ikiwa mtu anayejua mambo hayo, mtu aliyesomea, atasema hao si kunguni, basi wote watakuja na sufuria zao. Siku ya zamu ilikuwa bado haijafika. Alipoondoka alijikuna shingoni, na Nthoki akamwona.

*

Nzuki hakuona tatizo liko wapi. Yeye alikuwa amekua na wadudu hao. Alisema hawaumi, hawapandi kitandani, wanakula tu uchafu wa gome na kuliacha safi, na yeye anawapenda kuliko majirani kadhaa anaoweza kuwataja.

"Baba Koki, wewe ukisema ni kama mwenye kunguni amesema," alimjibu mkewe. "Toa hii magogo nje."

"Nikitoa, watasema umetoa kitanda cha kunguni. Na kunguni wenyewe, watu watasema wamebaki na wewe."

Nthoki alitaka kumpinga akashindwa, kwa kuwa ndivyo hasa watu wangesema. Yeye mwenyewe angesema hivyo kama wangekuwa wa mtu mwingine. Basi ikabaki njia moja, nayo ilipitia kwa jirani yule yule. Wekulo, mume wa Selpher, alikuwa dereva katika ofisi ya serikali inayochunguza wadudu wa mazao, na aliyeketi kiti cha nyuma cha Land Rover yake kila siku alikuwa Daktari Wakiuru, mama ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mdudu na kumtaja jina.

Nthoki alimngoja Wekulo getini na kiberiti mkononi, na ndani ya kiberiti vidudu vyake juu ya kipande cha gome. Wekulo alikuwa mtu wa heshima. Alimsalimu, akamwuliza habari za Koki shuleni, kisha akaona kiberiti na kurudi nyuma hatua kadhaa.

"Mama Koki, ile gari ni ya serikali. Nikiacha moja kwa siti ya daktari, kesho ni mimi natafuta kazi."

Nthoki alisema basi daktari aje aone. Wekulo alieleza kwa upole kwamba daktari haji kwa nyumba za watu, ana mikoa mizima inayomngoja. Lakini kwa vile alikuwa na roho nzuri, na kwa vile alikuwa anajua maneno yametoka jikoni kwake, alifikiri, akakuna kichwa. Akasema wakulima wa mbali humletea daktari picha. Anazitazama, anasema huyu ni fulani, na mambo yanaisha. "Leta picha," alisema. "Picha haitambai."

*

Mpiga picha wa Jericho alikuwa Nahashon, na studio yake ilikuwa pale sokoni, chumba kimoja chenye kijichumba cha giza nyuma na mapazia mawili yaliyochorwa, moja mlima wenye theluji na jingine ndege ya abiria. Nahashon alikuwa na sifa moja iliyompita kila mpiga picha wa Eastlands. Alisafisha. Ukienda kwake na chunusi, picha ilitoka bila chunusi. Khavere alikuwa amerudishiwa meno ya mbele. Kijana mmoja aliyekuwa akituma picha kwao kijijini alivishwa tai ambayo hakuwa nayo. Nahashon alifanya hayo kwa brashi nyembamba na wino, juu ya picha yenyewe, na hakumwuliza mtu. Kwake, kumpa mteja picha ambayo haijasafishwa ilikuwa kama kumpa chai bila kuchuja.

Nzuki alilibeba gogo begani limefunikwa shuka, Nthoki akimfuata nyuma na mkoba wake wa kanisani. Sokoni watu waliwapisha njia pana. Nahashon aliwapokea kwa heshima zote, akauliza mteja ni nani, akaonyeshwa gogo.

"Sawa," alisema akilizunguka gogo. "Mnataka mlima ama ndege?"

Gogo liliwekwa kwenye kiti cha wateja, mbele ya mlima. Kwa jicho la kawaida la kamera wadudu hawakuonekana kabisa, kwa hiyo Nahashon alikwenda kuazima ile lenzi ndogo ambayo fundi wa saa huibana kwenye jicho, akaifunga mbele ya kamera kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Wadudu walikuwa wateja wagumu. Kila alipowasogezea taa walikimbia wote pamoja, na kila alipokata tamaa walirudi wote pamoja. Nahashon aliwabembeleza kama anavyobembeleza watoto wa ubatizo, aliwaambia watulie, akawaambia waangalie huku. Nzuki alicheka mpaka akatolewa nje. Mwishowe mmoja alibaki nyuma ya wenzake, na Nahashon akambonyezea.

Alipokuwa katika chumba chake cha giza na picha imekuzwa kufikia ukubwa wa kiganja, Nahashon aliona kasoro. Mdudu alitokeza vizuri, miguu yote ipo, lakini kichwani pake palikuwa na nyuzi mbili ndefu zilizopinda, ndefu kuliko mdudu mwenyewe. Nahashon alikuwa amepiga picha kwa miaka mingi. Alijua unywele ulionaswa kwenye lenzi unavyofanana, tena lenzi ya kuazima. Hakuna kiumbe, alijiambia, chenye unywele mrefu kuliko mwili wake. Akachukua brashi, akazifuta nyuzi zote mbili. Halafu, kwa vile mkono ulikuwa umeshapata moto, aliona mdudu amekonda kiunoni, akamjaza kidogo, maana hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwa kuonekana ameshiba. Mdudu akatoka pale amenyolewa na amenenepa. Nahashon akapiga mhuri wa studio nyuma ya picha, akaridhika.

Nthoki alipoipokea aliona fahari. Hakuwahi kumwona mdudu wake kwa karibu, na sasa alionekana mtu wa kueleweka, mwenye kazi yake. Nzuki aliitazama akakunja uso, akasema huyu mbona ameshiba hivi. Nahashon akamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi ya kukuza.

*

Jibu lilikuja kwa njia ya ukuta. Jioni Wekulo alipotoka kazini alimwambia mkewe kwanza, kama mume yeyote, na Nthoki upande wa pili akiwa anasonga ugali wa njano alimsikia Selpher akisema "ehee", kisha "ehee" nyingine ndefu zaidi. Baadaye kidogo Wekulo alibisha mlango, kofia mkononi.

"Mama Koki, mimi ni wa kutumwa tu," alianza. "Daktari ameangalia. Amesema kwa hii picha, kama ni lazima aseme kitu, atasema kunguni."

Nthoki aliuacha mwiko ndani ya ugali. Wekulo alikuwa na maneno zaidi na alitaka kuyasema, lakini Nthoki alikuwa ameshaingia chumbani na kufunga mlango. Selpher kwa upande wake hakungoja maneno zaidi. Alikuwa ametosheka na nusu ya kwanza, na nusu hiyo ilifika bombani kabla ya mitungi kujaa. Mwanzo Nthoki alikuwa na kunguni wa kusemwa tu. Sasa alikuwa na kunguni wa serikali.

Siku zilizofuata alifanya kama mtu aliyepagawa. Alitoa magodoro yote nje, akamwaga maji ya moto kwenye kila tundu la kitanda, akapaka mafuta ya taa, akapekua mishono ya mito kwa sindano. Hakupata kunguni hata mmoja. Kila mtu aliyepita aliona magodoro juani na kutikisa kichwa kwa huruma, na hiyo huruma ilimuuma kuliko matusi. Koki alirudi kutoka shule akiwa amefumuliwa nywele. Mwalimu alikuwa amemkagua kichwa mbele ya darasa zima. Mtoto hakulia. Nthoki ndiye aliyelia, akiwa anamsuka upya, akimwambia atulie wakati mtoto ametulia.

Nzuki alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alivaa koti akagonga kwa jirani, akamwuliza Wekulo kama daktari alisema neno jingine lolote. Wekulo alishukuru kuulizwa. Alisema daktari aliishika picha muda mrefu, akaigeuza, akauliza kitu kimoja ambacho yeye Wekulo hakukielewa.

"Ameuliza ndevu ziko wapi. Anasema kila mdudu ana ndevu za kupapasia, hata kunguni ana zake fupi. Huyu hana hata moja. Akasema hajui ni mdudu gani ametoka nyumbani bila ndevu."

Nthoki alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Alifuta macho kwa kanga. Alichukua mkoba wake wa kanisani akaelekea sokoni, na alitembea kwa namna ambayo hata waliokuwa wakimpisha walimpisha kwa sababu nyingine.

*

Nahashon alikuwa anamtengeneza bwana harusi nyusi kwenye picha. Nthoki aliweka ile picha juu ya meza yake.

"Nahashon, huyu mdudu alikuwa na ndevu?"

"Ndevu gani?" Nahashon alifikiri, kisha akakumbuka na uso wake ukachangamka. "Aa, zile nywele. Nilizitoa zote mbili. Na sikukuongezea bei, mama, hiyo ni kazi ya kawaida hapa."

Nthoki aliketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya ndege ya abiria. Alifikiria benchi la kanisani na nywele za Koki na magodoro juani, yote hayo kwa ajili ya brashi ya mtu mmoja aliyependa watu watoke wazuri.

"Ulimnyoa," alisema mwisho.

"Nilimsaidia."

"Na tumbo?"

Nahashon aliipangusa brashi yake. Alikiri tumbo pia.

Basi Nthoki alimwambia atoe picha nyingine kutoka kwenye filamu ile ile na asiiguse, na akasema hatoki pale mpaka aione. Nahashon alisihi. Alisema picha itakuwa na nywele, itakuwa na vumbi, watu watasema Nahashon amezeeka. Aliingia chumba cha giza kama mtu anayepelekwa korokoroni. Alipotoka na picha, mkono mmoja ulikuwa bado unaitafuta brashi, na alikataa katakata kuipiga mhuri. Alisema kazi chafu kama hiyo haiwezi kubeba jina lake. Nthoki aliishika, akaomba ile lenzi ya fundi wa saa ambayo Nahashon alikuwa bado hajairudisha, akaiweka jichoni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mdudu wake alikuwa mwembamba, kichwa kikubwa kama cha mtoto, na kutoka hapo zilitoka ndevu mbili nyembamba ndefu zilizopinda nyuma kwa madaha. Alikuwa mzuri. Nthoki alijishangaa kwa kuwaza hivyo.

Safari hii Wekulo alipoleta jibu hakupitia jikoni kwake. Nthoki alikuwa amemwomba, na yeye alikubali, kwamba alitoe Jumapili nje ya kanisa mahali Khavere na wenzake husimama baada ya ibada. Wekulo alivua kofia akasema kama mtu anayesoma matangazo. Daktari Wakiuru amesema hao si kunguni wala si jamaa wa kunguni. Ni wadudu wa gome, wanatembea kwa makundi, wanakula ukungu na vumbi la mti kama ng'ombe wanavyokula nyasi. Hawana mdomo wa kumwuma mtu. Daktari amewapenda, na ameomba kubaki na picha.

Akina mama walimtazama Selpher. Selpher alitazama kengele ya kanisa.

"Mimi nilisema tu inatembea," alisema.

*

Walikuja siku ya zamu, wote, na sufuria zao. Kila aliyeingia alilitazama gogo la mlangoni kwa jicho la pembeni, kisha akaketi mahali pengine, mpaka Khavere, ambaye miguu ilikuwa imepona kabisa, alipoinama na kuuliza wako wapi hao ng'ombe. Hapo nyumba ilifunguka. Walipanga foleni kuwaona, wakawapulizia, wakashangilia walivyorudi kujipanga, na Nzuki akatoa maelezo marefu ambayo hakuna aliyemwomba. Waliimba. Walikula pilau mpaka Khavere akasema ameshiba, na safari hii ilikuwa kweli.

Selpher alikuja wa mwisho, amevaa gauni la buluu lenye kola pana nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Alileta thamosi nzuri kuliko zote. Nthoki aliipokea kwa mikono miwili na kumpa kiti cha mbele, na ni lazima isemwe kwamba hakufanya hivyo kwa upendo. Alitaka amtazame vizuri. Alitaka Selpher akae pale mbele ya wote, kwenye nyumba isiyo na kunguni, anywe chai, aseme asante.

Nahashon alipowapanga mbele ya mlango, Nthoki alisimama katikati, masikio yote mawili ndani ya picha. Kabla hajabonyeza, Nthoki alimwambia mbele ya kila mtu asiguse kitu safari hii. "Tutoke vile tuko," alisema, na akina mama wakacheka na kupiga makofi, isipokuwa Khavere, aliyefunga mdomo. Nahashon aliapa.

*

Nthoki alikwenda mwenyewe studio kuiona picha ya kwanza kabla nyingine hazijatolewa. Nahashon aliisukuma juu ya meza bila kuitazama. Ilikuwa picha ya kweli kabisa. Mikunjo ilikuwepo, makovu yalikuwepo, Khavere alikuwa na pengo lake. Nthoki mwenyewe alikuwa amefumba jicho moja. Lakini mlango ulikuwa wake, na katikati alikuwa yeye, na alijisikia furaha mpaka kooni.

"Kuna vumbi hapo kwa kola ya Mama Javan," alisema Nahashon kwa uchungu. "Limenikosesha raha. Lakini uliniapisha."

Nthoki aliinama. Juu ya kola nyeupe, karibu na shingo, palikuwa na kitone. Akachukua lenzi ya fundi wa saa, ambayo sasa ilikuwa imehamia studio moja kwa moja, akaiweka jichoni. Vumbi lilikuwa na miguu. Lilikuwa bapa na mviringo kama punje ya dengu. Alitafuta ndevu ndefu, hakuziona. Zilikuwepo mbili, fupi.

Aliangalia muda mrefu kuliko alivyohitaji. Sasa alielewa kwa nini Mama Javan alikuwa mwepesi vile kusimama na kukung'uta rinda. Mtu hawezi kuogopa kitu namna ile kama hajalala nacho. Nthoki alikumbuka ndoo zikisogezwa bombani. Alikumbuka kichwa cha Koki kikifumuliwa mbele ya darasa. Ilitosha picha hii itundikwe ukutani na lenzi iachwe mezani kwa bahati mbaya, basi. Asingehitaji kulitaja jina la kunguni; angesema tu kwamba kitu kinatembea. Aliliwaza jambo hilo na likamnogea, kisha akamwona Selpher akipiga pasi ile kola, akiisimamisha vizuri, akitoka nyumbani akiamini amejikagua mbele na nyuma.

"Chukua brashi," alisema.

Nahashon alidhani amesikia vibaya.

"Hapo kwa kola. Toa."

"Hapo peke yake?"

Nthoki alifikiri. "Na Mama Khavere mrudishie meno."

Nahashon alifanya kazi akiimba. Picha zote zilizogawiwa akina mama zilikuwa safi, na Selpher alipopata yake alikuja kuionyesha, akasema huyu Nahashon ni fundi, ona kola ilivyotoka. Nthoki aliitazama akakubali kwamba ni fundi kweli. Asubuhi iliyofuata alichemsha maji, sufuria mbili kubwa zile mpya, akayapeleka kwa jirani. Alisema amechemsha mengi kuliko vitanda vyake, na itakuwa hasara kuyamwaga. Kando ya sufuria aliweka chupa ya mafuta ya taa.

Selpher alimtazama, akatazama maji, akaiangalia tena nyumba ya jirani yake.

"Karibu ndani, Mama Koki," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini usikae kwa kochi."

Walifanya kazi mpaka maji yakapoa, na hakuna aliyelitaja jina la walichokuwa wakikiua. Bombani hakuna aliyepata kujua. Na picha moja ambayo haijasafishwa, ambayo Nthoki aliiomba kwa Nahashon kabla hajaondoka siku ile, iko chini ya sanduku lake la nguo, imefungwa kwa leso. Hajawahi kuitoa. Selpher akija kuazima chungio siku hizi hupewa, pamoja na chai, na hukaa juu ya gogo kwa adabu kabisa.